Nani Ameshika Fimbo?

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Ziba, mwanangu, siku ambayo mjomba wangu Masanja alitutoa kwenye maji tukiwa tumelowa chapachapa, akatusimamisha juani kama mahindi ya kuanika. Nakusimulia kwa sababu jana ulipita hapa kwangu, ukaniamkia vizuri, ukaniambia kwamba sikukuu hii mnawapeleka watoto kwenye bwawa la kuogelea. Nilikuitikia marahaba, nikacheka nawe. Ulipoondoka, chai yangu ilipoa mbele yangu. Niliogopa, na hofu yangu ina kisa.

Sisi watoto wa Ziba hatukujua bahari wala ziwa. Maji yetu yalikuwa lambo, lile bwawa la kuchimba la kunyweshea ng'ombe, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wasichana tulikwenda kufua huko, na wadogo zetu walitufuata wakachezea maji pembeni. Sote tulikuwa tunawaangalia, au ndivyo tulivyoamini. Siku hiyo mjomba Masanja akafika na ng'ombe wake, akawatazama watoto, kisha akatutazama sisi na mapovu yetu.

"Nani ameshika fimbo hapa?" akauliza.

Tukatazamana. Fimbo gani tena? Dada yangu mkubwa akajibu kwa adabu, "Shikamoo mjomba. Tunawaangalia wote."

"Wote ndio nani?" Hata hiyo shikamoo hakuiitikia.

Hapo ndipo akatutoa, wakubwa kwa wadogo, akatuambia tuwaangalie wachungaji wake. Ng'ombe walipoingia kunywa, vijana wote waliinama kunywa na kunawa, isipokuwa mmoja. Huyo alishika fimbo. Hakunywa, hakupiga soga, macho yake yalipita kichwa kimoja kimoja. Alipotaka kupumzika alimkabidhi mwenzake fimbo mkononi na kumtajia kila ng'ombe alipo: yule mwekundu yuko kwenye tope, ndama yuko upande huu. Ndipo naye akanywa. "Ndama wangu ana mtu wake wa kumwangalia," mjomba akasema, "mtoto wa dada yangu hana?" Mimi niliona anakasirika bure, kwani hakuna aliyezama. Nilikuwa kwenye umri wa kununa, basi nikanuna mpaka jioni.

Nikaja kuolewa Tabora mjini, nikazaa, nikazeeka. Ng'ombe sikuwaona tena ila kwenye bucha, na fimbo ya mjomba ikanitoka kichwani.

Mwaka jana mjukuu wangu mkubwa alipata kipaimara. Binti yangu Neema na mumewe Method waliamua sherehe ifanyike kwenye nyumba moja ya wageni, njia ya Kipalapala. Jina lake nalihifadhi. Palikuwa na bwawa jipya la vigae vya buluu, maji unaona mpaka chini. Maji ya namna hiyo yananitisha kuliko ya lambo, mwanangu. Lambo lina tope na ruba, linamfukuza mtoto lenyewe. Bwawa la kuogelea linamwita. Linaonekana kama beseni kubwa tu, wala hajui kwamba hatua chache mbele sakafu inashuka.

Neema ana mapacha, Kulwa na Doto, wakati ule hawajaanza hata darasa la kwanza. Unajua tulivyo na mapacha huku kwetu. Ukimnunulia mmoja unamnunulia na mwenzake, kitu kile kile, la sivyo utaambiwa unabagua. Siku hiyo walivaa kaptura za njano na fulana za njano. Hata mimi bibi yao niliwatofautisha kwa pengo tu, maana Doto alikuwa amevunjika jino la mbele.

Shangazi yao Fides, dada yake Method, alikuwa amekuja kutoka Ujiji. "Ninyi watu wa Tabora hata ndoo ikijaa mnaikimbia," akatutania. "Waacheni watoto wazoee maji!" Tukacheka, utani ni utani. Watoto wakaingia upande wa maji mafupi. Viti vya wageni vilizunguka bwawa lote: mama zao wadogo kutoka Kigwa, majirani, wanakwaya. Nilijisemea kwa macho yote haya hata kifaranga hawezi kupotea.

Kisha mshereheshaji akatangaza zawadi. Zawadi zetu unazijua, hazipelekwi kimya kimya. Muziki ukafunguliwa, vigelegele, vitenge vikapeperushwa, wote wakasimama na mstari ukacheza kuelekea kwenye hema, Method akiwa mbele. Kila mama alipopita kando ya bwawa aligeuza shingo, akaona mtoto wa njano, akaendelea. Neema alimwona wa njano. Fides alimwona wa njano. Wote walikuwa wanamwona yule yule mmoja.

Mimi magoti hayakuniruhusu kucheza, nikabaki na sahani ya pilau mapajani. Nikamwona mtoto wa njano amechuchumaa ukingoni, anatetemeka, anatazama maji. Sijui ni nini kilichonigusa. Labda ni ule utulivu wake, kwa sababu wale watoto hawajawahi kutulia tangu wazaliwe. Nikamsikia mjomba Masanja kana kwamba yuko nyuma ya kiti changu. Nikamwita Fides, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari.

"Fides, Kulwa yuko wapi?"

"Si huyo hapo mama, mbele yako!"

Mtoto akageuka kuniangalia, mdomo wazi, na pale mbele palikuwa na pengo.

"Doto, mwenzako yuko wapi?"

Akanyoosha kidole upande wa maji marefu. "Yule kule, bibi. Anacheza kulala."

Mwanangu, nisingependa moyo wako uujue ule ubaridi. Nilisimama, sahani ikaanguka, nikapiga yowe ambalo sikujua kama bado ninalo. Maji yalikuwa yametulia. Hakuna mkono uliopungwa, hakuna aliyeita mama. Palikuwa na kitu cha njano tu kule chini, kama nguo iliyoachwa kwenye beseni. Na muziki ulikuwa unaendelea.

Method amekulia ziwani. Alitupa alichobeba akaruka na suti yake. Neema naye akataka kuruka, na kuogelea hajui hata kidogo. Wanawake wakamkamata kiuno, vinginevyo tungekuwa na wawili chini. Kulwa akatolewa, midomo imebadilika rangi, shingo haina nguvu. Mzee mmoja akamshika miguu amning'inize kichwa chini, kama tulivyozoea kuona zamani. Mwanakwaya mmoja ambaye ni muuguzi akampokonya.

"Mlazeni chini! Mlazeni!"

Akampulizia pumzi mdomoni, akamkandamiza kifua, akarudia, akarudia tena. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Doto, nimemfunika uso kwa kanga yangu. Nitakwambia ukweli ambao sijawaambia wengine: nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia huyu aliyebaki, na nikayakosa.

Kisha maji yakamtoka Kulwa puani na mdomoni, akakohoa, akalia. Kilikuwa kilio kibaya cha kukwaruza, nami sijasikia kitu kizuri kama hicho tangu nizaliwe. Tulimkimbiza hospitali hivyo hivyo akilia, wakamlaza, wakatueleza kuwa hata aliyezinduka anaweza kuzidiwa baadaye. Fides alikaa sakafuni wodini, viatu mkononi. Utani wa ndoo hajaurudia.

Leo Kulwa ni mzima, anatuchosha kwa utundu. Doto ndiye hajapona sawasawa. Hata wakioga kwenye beseni uani, mwenzake akinyamaza kidogo tu, anaacha sabuni na kuita, "Kulwa!" Hatulii mpaka aitikiwe. Mtoto mdogo vile ameokota fimbo ambayo sisi watu wazima tuliiacha chini, na kila nikimsikia akiita naona haya.

Basi sikukuu nendeni, sikukatazi. Lakini kabla mtoto hajalowesha unyayo, uliza kwa sauti nani ameshika fimbo. Kata hata kijiti cha mwarobaini kama huna fimbo, mradi kiwe mkononi mwa mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. Huyo hali, hachezi, simu yake imo mfukoni. Akitaka kuondoka, hata haja ikimbana, amkabidhi mwingine mkononi na kumtajia watoto wote na kila mmoja alipo. Asipopatikana wa kupokea, watoto watoke, walie wanavyotaka kulia. Wale wadogo wawe karibu kiasi cha kushikwa kwa mkono, na asiyejua kuogelea asirushwe majini eti azoee; atafutiwe anayejua, amfundishe. Mapacha wavishe rangi tofauti, watakaosema waseme. Mtoto akikosekana, anza kutazama ndani ya maji kabla hujatazama chooni wala jikoni. Na mkishamaliza kuogelea, geti la bwawa lifungwe, kwani mtoto hurudi alikofurahi.

Zaidi ya yote, kiogope kimya. Mimi nilidhani anayezama hupiga kelele. Kulwa hakupiga.

Nimemaliza, mwanangu. Mungu awatangulie katika safari yenu, awarudishe wote uliotoka nao, kichwa kwa kichwa. Akupe nyumba ya watoto wenye makelele, wagombane, waimbe, waangushe masufuria mpaka majirani waje kulalamika, na wewe uchoke kwa kelele hizo mpaka uzeeni kwako. Amina.