Dawa ya Boriti na Ubongo wa Nzi

Ubongo wa buu wa nzi wa matunda hauzidi punje ya chumvi, lakini ndani yake mna seli zinazotoa dopamini, kemikali ileile inayompungukia baba yangu. Seli hizo zikipandwa kwenye kisahani cha kioo zikatulia, huota nyuzi nyembamba zinazotafutana. Zikitiliwa sumu fulani za kuulia wadudu, nyuzi hukatika na seli hufa. Haya yanajulikana. Lisilojulikana ni kama dawa ya mchwa aliyoipaka baba maisha yake yote ni mojawapo ya sumu hizo.

Baba alikuwa fundi wa dari za Mji wa Kale. Boriti za mikoko zikiliwa na mchwa, aliitwa yeye. Alitoa mbovu, akatia mpya, kisha akazipaka zote dawa aliyoichanganya mwenyewe debeni. Alipaka kwa kitambaa, mikono mitupu, uso ukitazama juu na dawa ikimdondokea. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka na hatua zikawa fupi. Daktari alipotaja ugonjwa wa Parkinson, baba alitaka kujua jambo moja tu: ni ile dawa? Daktari akajibu kwamba kwa mtu mmoja haiwezekani kusema.

Hakuuliza kwa ajili yake mwenyewe. Ndugu yangu mdogo amerithi kazi, wateja na mchanganyiko uleule.

Mimi nafanya kazi katika maabara moja huko Tudor, na mkuu wetu aliniruhusu kuijaribu dawa ya baba nikishamaliza kazi zake. Nzi tunaowafuga wamezalishwa kwa namna ambayo seli zao za dopamini hung'aa kijani chini ya darubini, kwa hiyo iliyo hai huonekana. Napasua buu kwa koleo zenye ncha kama sindano, natoa ubongo, nautenganisha seli kwa seli, nazipanda. Visahani vingine navitilia dawa. Vingine sivitilii kitu. Hivyo ni vya kulinganishia. Vya dawa vikifa na vya kulinganishia vikabaki, nimepata jibu. Vikifa vyote, sina kitu.

Vilikufa vyote. Nikabadilisha maji, vikafa. Nikabadilisha chakula cha seli, nikakagua joto la kabati la kuzilelea, vikafa.

"Dada, wamesemaje nzi wako leo?" ndugu yangu aliniuliza jioni moja, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wamekufa."

"Wa dawa?"

"Wa dawa na wasio wa dawa."

"Basi dawa haina makosa. Muuaji ni weye."

Baba alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kikoi. Mimi sikucheka.

Siku chache baadaye nilikuwa nimeinamia kisahani nikasikia harufu ya udi. Ilitoka kwenye mkono wa koti langu jeupe. Mashine ya kufulia ya maabara ilikuwa imeharibika, nikawa napeleka koti nyumbani, na mama, akishalifua, alikuwa akilitandaza juu ya tenga, chini yake chetezo chenye makaa na udi, kama afanyavyo kwa kila nguo ya kutokea. Moshi ulionasa kwenye kitambaa nilikuwa nauleta mpaka juu ya seli zilizo uchi.

"Mama, koti hili halifukizwi," nilimwambia.

"Litoke kwangu likinuka dawa za hospitali? Watu waseme huna mama?"

"Huko hakuna watu, mama. Kuna nzi."

"Na hao nzi hawana pua?"

Nilinunua koti jingine la kukaa maabara tu. Awamu iliyofuata, visahani vya kulinganishia viliishi na vya dawa vikafa. Nilitaka kukimbia kumwambia ndugu yangu, lakini mara moja si ushahidi. Nikarudia: viliishi vyote, hata vya dawa. Nikarudia tena: vikafa vyote, na safari hii udi haukuwepo wa kuulaumu. Mkuu wangu alitazama picha zote, akasema hapo hakuna matokeo. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Ndugu yangu alishaahidi. Akiambiwa na maabara kwamba ile ni sumu ya ubongo, ataiacha, ingawa dawa za dukani anasema mchwa huzichezea. Akiambiwa na baba, hasikii. Kwake hayo ni maneno ya mgonjwa anayetafuta wa kumlaumu.

Juzi alipata kazi ya dari nzima. Baba aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Mwambie umeona. Mwambie nzi wamekufa."

"Walikufa, baba. Na wengine wakaishi."

"Hayo ya kuishi si lazima umwambie."

"Nikimdanganya leo, kesho nikiwa na la kweli hataniamini."

"Na kesho hiyo ni lini, mwanangu?"

Mkono wake ulikuwa ukitikisika juu ya goti, akaushika kwa ule mwingine.

Nilimnunulia ndugu yangu glavu nene na barakoa. Barakoa aliichukua. Glavu alizijaribu, akasema boriti inamteleza, ataanguka ngazini. Leo ameanza kupaka. Visahani vipya viko kabatini, na nilipovitazama asubuhi, katika vile vya dawa, baadhi ya seli zilikuwa zimezimika na baadhi zilikuwa zinang'aa kijani.