Moto Ulipozimika Juu ya Luvua

Casimir alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa Tanganyika, huko Kalemie, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Nyavu zake zilipochakaa na mpya zikawa hazionekani sokoni, alimuaga mkewe Cécile, akapanda lori kwenda bara, hadi kwenye nyanda za juu za mto Luvua, mbele ya mji mdogo wa Kiambi. Huko wazungu walikuwa wakijenga mahali pa kurushia roketi. Kituoni waliandika jina lake Ngoy, maana miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Kwa wenzake alibaki Casimir.

Kazi ilikuwa kubeba mapipa. Ndani yake mlikuwa na maji makali ya kuchoma roketi, na kifuniko kikilegea kidogo moshi wa rangi ya kutu ulitoka. Yalipodondoka, nyasi zilikauka siku ileile. Ndege walikuwa wamelihama bonde lile. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Alilala kibanda kimoja na Déogratias, mwalimu wa zamani aliyekuwa mkalimani wa wazungu. Jumapili moja walikuwa wakifua nguo mtoni, Casimir akatoa lililomkaa moyoni.

"Deo, kile chuma cha roketi kikisha kufika juu sana, si kinakuwa huru? Nani atakivuta tena?"

Déogratias aliokota jiwe, akaliachia. Likazama.

"Ni dunia njo inalivuta, kwa wingi wake. Kila kitu kinavuta kingine. Hata wewe unavuta jiwe, nalo linakuvuta, ila nyinyi ni wadogo, hamusikii kitu. Dunia ni mawe na chuma vilivyorundikana mpaka ndani kabisa. Wingi huo wote unavuta pamoja."

"Na mwezi?"

"Nao unavuta, lakini hauna vitu vingi kama dunia. Muntu muzima kule uzito wake ni wa mutoto, anaruka kama panzi."

"Basi huko juu nguvu ya dunia inaisha."

"Inapunguka, haiishi. Mwezi wenyewe umeshikwa nayo. Kama ungeacha mbio zake, ungetuangukia. Chuma kile nacho, moto ukizimika mapema, kitarudi. Hakina pengine pa kwenda."

Casimir alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu, na kuanzia siku ile hakuipenda tena.

Siku ya kurusha, watu wa bondeni walikuwa wameshahamishwa. Casimir na wenzake wawili wakapangwa kwenye mteremko kuzuia njia. "Roketi ikisha kupanda, hatari imekwisha," kapita wao, msimamizi wa vibarua, aliwaambia. "Asitoke muntu mahali pake."

Ndipo Casimir alipomuona Mama Anne, mjane mzee, chini kando ya kijito, ukingoni mwa shamba lake. Alikuwa amerudi kwa kificho kuopoa mihogo aliyoiloweka.

Kabla hajamwita, ardhi ilinguruma. Roketi ikapanda ikiburura moto, wenzake wakapiga shangwe. Kisha ngurumo ikakatika ghafla. Wale wawili waliendelea kushangilia. Casimir alisikia ule ukimya. Juu kule chuma kilikuwa kidogo kama msumari, hakina moto.

Akatimua mbio kushuka.

"Mama! Tupa kikapu!"

"Mutoto wangu, mihogo yangu..."

Casimir alimbeba mgongoni, akakimbilia nyuma ya mwamba. Mluzi ulishuka kutoka mbinguni, ukazidi, ardhi ikaruka. Wingu la rangi ya kutu likafunika shamba lote, likawafikia. Walitambaa wakikohoa, macho yakiwaka, mpaka upepo ulipogeuka.

Askari walikusanya vipande vya chuma. "Hapa hakikuanguka kitu," walisema, wakiwatazama vibarua mmoja mmoja. Casimir alifukuzwa kazi kwa kuacha mahali pake. Mama Anne alipelekwa kwa binti yake Kiambi. Alikohoa kiangazi chote, na mvua za kwanza zilimkuta kaburini.

Casimir alirudi Kalemie, akawa anashona nyavu za wengine. Sauti yake ilibaki ya kukwaruza. Cécile alipomuuliza kilichotokea, alimweleza yote mara moja tu, akamwomba asiwaambie majirani.

Baadaye wazungu waliondoka, watu wakarudi bondeni. Wasafiri wa Kiambi walimletea habari kwamba mihogo iliyobaki shambani kwa Mama Anne ilichipua yenyewe, majani mapana kuliko ya mashamba yote. Hakuna aliyethubutu kuing'oa na kuila.