Mawe Kwenye Mkeka wa Bibi

Nilijifunza kushona mikeka kwa kufumua ya watu. Tangu hifadhi ya bahari ianze kuvuta wageni huku kwetu Utende, mikeka hununuliwa hotelini, nami nilikaa na vipande vikuukuu nikifuata uzi mpaka nijue ulikopita. Nikawa fundi. Lakini tangu hapo sijakaa mkekani nikastarehe. Nakiri: hata msibani, wenzangu wanasoma hitma, mimi natazama mishono ya mwenye nyumba.

Utotoni haikuwa hivyo. Kule Kirongwe nililala na bibi yangu mkekani mwake, nikitembeza kidole kwenye nakshi nyekundu iliyopindapinda kama barabara, mpaka nifike kwenye ukili mmoja, ukanda wa miyaa uliokwaruza.

"Bibi, nimefika kwenye mawe."

"Basi shuka usukume gari."

Mwaka jana nilikwenda kumwona, nikautazama ule ukili kwa jicho la fundi. Ulishonwa mgongo juu, uso chini. Bibi yangu, kosa kama lile! Alipotoka kwenda kwa jirani nikaufumua, nikaugeuza, nikaushona upya. Nilijisifu mwenyewe.

Adhuhuri akarudi, akataka kujinyoosha. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akautandika mkeka, akapapasa upande mmoja, akapapasa wa pili, akauzungusha, akapapasa tena.

"Nani kaushika mkeka wangu?"

"Mimi, bibi. Ulikuwa na kosa, nimeliondoa."

"Umeondoa kichwa! Ule ukili niliugeuza makusudi, nikipapasa hata gizani nijue pa kuweka uso. Sasa leo nilalie palipolala miguu, ewe fundi wa wazungu?"

Nikamwomba radhi.

"Radhi haishoni. Chukua sindano, nirudishie mawe yangu."

Nilishona huku natokwa jasho. Mara mbili mikono yangu yenyewe iliugeuza ukili uso juu, nikafumua tena. Bibi alipapasa, akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe kukosea hukujifunza!"

Mara ya tatu ukakaa. Akalala, akanisogezea nafasi ubavuni pake. Nikajilaza. Niliona uzi umelegea kidogo pembeni, nikatamani kuinuka niukaze. Nikaweka kidole kwenye njia nyekundu badala yake, nikaanza safari.

"Umefika wapi?" akauliza, amefumba macho.

"Kwenye mawe, bibi."

"Basi shuka usukume."