Mkono kwa Mkono Mferejini

Asubuhi moja ya mwaka 2017 nilifunga begi langu nikatoka mtaa wa Fordsburg, huku kusini nilikohamia, bila kujua naenda wapi. Mwenye chumba alikitaka kwa ajili ya nduguye. Nikatembea, robot hadi robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, mpaka nikafika kwenye ziwa dogo la mjini lenye boti za makasia za kukodi. Nikakodi moja. Unanijua, rafiki yangu: shule niliiacha mapema, lakini nikiona maji lazima niyafuate.

Kwetu Katanga kulikuwa na mfereji uliochimbwa na watu wa zamani kupitia mafunjo, kutoka mtoni hadi ziwani. Safari yake ilikuwa ya kutwa. Nkambo wangu, mama yake mama, alikaa mtumbwini na kapu la samaki wakavu, mimi miguuni pake natafuna muhogo wa kuchoma, nikisikiliza upondo ukizama topeni. Mfereji ulikuwa mwembamba. Mitumbwi miwili ikikutana, hakuna aliyerudi nyuma: abiria walishikana mikono, wakavutana mmoja baada ya mwingine hadi mitumbwi ipishane. Na ukimshika mtu, lazima umsalimie.

"Huyu mtoto wa nani? Mbona mkono wote mafuta ya samaki?" abiria wa mtumbwi wa pili waliuliza wakinivuta.

Nkambo alizoea kusema, mferejini hakuna mgeni. Kufika jioni nilikuwa nimeshikwa na nusu ya nchi.

Basi pale ziwani boti ya vijana wawili ikanijia ubavuni. Kabla sijafikiri, nikanyoosha mkono.

"Eish! We mjomba, unataka nini?" msichana akapiga kelele, akiikumbatia simu yake. Mwenzake akanisukuma kwa kasia. Nikabaki nazunguka peke yangu, mkono bado hewani.

Jioni ilinikuta mtaa wa Kensington, nisikomjua mtu, sijui nitalala wapi. Msusi mmoja akanielekeza kwa mama mmoja wa Tanga mwenye chumba cha uani. Ujia wake ulijaa ndoo za maji na magunia. Yeye anatoka na sufuria, mimi naingia na begi.

"Usirudi nyuma, mwanangu, utamwaga maji. Lete mkono, tupishane."

Akanivuta. "Kwenu wapi?" Nikamwambia. "Haya, chumba kipo. Sasa niachie mkono, maharage yanapoa!"

Nikamwachia, polepole.

Nkambo hayupo tena. Mfereji nao, nasikia, umemezwa na mafunjo. Watu hupita barabarani kwa pikipiki, kila mtu na upande wake. Niliweka begi sakafuni, nikakaa kando yake. Mkono wangu ulinuka kitunguu cha mtu mwingine, na sikuunawa.