Wataalamu wa nyota waliofunga mapazia, kisha wakauliza bibi ana cheti gani

Wakuu, wadogo shikamoo zenu nimezipokea, wazee wenzangu poleni na magoti. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, shule niliishia la nne. Nikiongopa hata mstari mmoja, Jumapili padri aninyime komunyo.

Mjukuu wangu Editha anasomea nyota chuo kikuu. Wataalamu walikuja hapa Sumbawanga kusomeana utafiti wao, naye akapangiwa nafasi. Utafiti wake: je, anga la Ufipa linakuwa safi kiasi cha kufaa kuweka darubini kubwa?

Nikavaa kitenge cha Pasaka, nikatoka kijijini kwetu Pito hadi ukumbini.

Jamani! Watu wa anga, mapazia wamefunga yote. Eti projekta ionekane.

Profesa mmoja wa kuvaa tai akahubiri nyota moja mpaka chai ikapoa. Nyota yenyewe hajaiona, picha katumiwa.

Editha akabakiziwa dakika tano. Akaeleza vizuri, mtoto wa watu. Yule wa tai akanyoosha mkono.

"Ukiwa chuoni, nani alikuwa anaangalia anga la Pito?"

"Bibi yangu. Kila jioni, miaka miwili. Anachora kwenye daftari: duara ni anga safi, mkwaruzo ni wingu."

Ukumbi ukacheka.

"Bibi ana cheti gani? Hizo data tuziondoe."

Wakuu, zikiondolewa hizo, mtoto habaki na kitu. Nikainuka.

"Baba, cheti sina. Nina ulezi. Ukiuanika bila kusoma wingu, unakuotea uani. Haya, wewe msomi, mwezi saa hizi uko wapi?"

Akatoa simu. Na wenzake wakatoa simu!

"Mama, netiweki inasumbua."

"Netiweki ya nini? Fungua mlango."

Wakatoka. Saa tisa mchana, nusu mwezi huo hapo, juu ya tenki la maji.

Mwenyekiti akamrudishia Editha muda wake wote, daftari langu likapita mkono kwa mkono.

Baadaye profesa akanijia na shikamoo, ya kwanza tangu asubuhi. Anataka aandike karatasi ya utafiti pamoja na Editha, ila jina lake litangulie kwa ukubwa wake.

"Mwanangu, anayekuja siku ya mavuno hachagui kapu. La kwanza Editha, la pili mimi. Wewe la tatu."

Editha akanifinya kwa woga. Lakini karatasi imetumwa hivyohivyo.

Funzo: mjukuu wako akiitwa kusema mbele ya wakubwa, nenda ukakae kiti cha mbele.

Wenu walichekwa wapi, na nyie mlifanya nini? Semeni. Nasoma polepole, lakini nasoma.