Nyumba kwa Jina la Glenda

Nikimtaja Barry Ormerod damu inanichemka, lakini leo nitamtaja. Ndiye alikuwa mwenye nyumba wangu hapa Burnley, Uingereza, kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva, na ubahili wake ulitia aibu: akija kukagua nyumba alikuja na mwanafunzi ameshika usukani, ili mwanafunzi ndiye alipie mafuta. Siku moja mama wa watu alikaa ndani ya gari nje kwangu dakika arobaini, somo lake linayoyoma, huku Barry yuko bafuni anabishana na mimi juu ya ukungu wa ukutani.

"Fungua madirisha, Janice," ananiambia. Januari hiyo, baridi ya kugandisha maji!

Nyumba niliipata kwa sababu ya mkewe, Glenda. Tulipakua chakula cha mchana pamoja kwenye shule ya msingi miaka kumi na tisa, yeye kwenye viazi vya kuponda, mimi kwenye mchuzi. Mwanamke mpole mpaka anaudhi. Barry akimpigia simu jikoni, aliipokea kasimama wima. Mshahara wake uliingia benki kwenye akaunti ya Barry, na hela ya soksi aliiomba.

Barry alikuwa na nyumba nne, zote za mkopo. Zamani mwenye nyumba alitoa kwanza riba yote ya benki kwenye pango, akatozwa kodi kwa kile kilichobaki. Serikali ikaanza kuipunguza nafuu hiyo mwaka hadi mwaka, ikawa wanamtoza kana kwamba ile riba halipi, halafu wanamrudishia kidogo. Mnadhani aliyeumia ni Barry? Thubutu! Pango langu lilipanda kutoka pauni mia nne na kumi hadi mia nne na themanini, kisha mia tano na ishirini.

"Si mimi, Janice. Ni watu wa kodi."

"Na bomba linalovuja, ni la watu wa kodi pia?"

"Usinianze, mama. Nyumba hii ina watu kibao wanaoitaka."

Kisha akagundua ujanja. Kipato chake kilikuwa kimevuka pale wanapokata asilimia arobaini, na cha Glenda, cha kupakua viazi, kilikuwa chini kabisa. Pango likihesabiwa la Glenda, kodi inashuka. Akamkokota kwa wakili, benki ikaridhia, na nyumba niliyokaa ikahamishiwa jina la mkewe. Glenda mwenyewe alinisimulia tukisugua sinia.

"Kasema ni makaratasi tu," akaniambia. "Nimetia sahihi pale alipoweka kidole."

Hata hilo halikumtosha. Machi mwaka 2019 Barry alinibishia hodi akanipa barua: miezi miwili, niwe nimeondoka. Anauza, apunguze mikopo ya zile tatu zilizobaki. Sheria yetu haikumtaka hata atoe sababu. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, goti bovu, na mume wangu alikata roho katika chumba cha mbele cha nyumba ile. Kwa mshahara wangu, mji mzima sikuona pengine pa kupanga.

"Nitakwenda wapi, Barry?"

"Hilo usiniulize mimi," akasema, macho makavu, akarudi garini.

Kesho yake nilimbana Glenda jikoni.

"Mumeo anauza nyumba yangu. Unajua?"

"Kasema Ijumaa nikatie sahihi."

"Na usipotia?"

Akaniangalia kama nimemtukana. Jamani, wiki nzima nilimfundisha yule mwanamke! Nilimwambia bila yeye Barry hawezi kuuza hata kitasa. Nililipa pauni tatu nikatoa nakala kwenye daftari la serikali la ardhi na majumba, nikamwekea juu ya meza, katikati ya masufuria. Alilisoma jina lake mara tatu, midomo inacheza.

"Yangu kabisa?"

"Yako kabisa, zuzu wewe!"

Ijumaa hakutia sahihi. Jioni Barry alikuja kwangu, uso mwekundu, anapiga mlango kwa ngumi.

"Umemlisha nini mke wangu?"

"Viazi," nikamjibu, nikamcheka mpaka nikashikilia ukuta. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe. Nilimwambia yote niliyoyameza miaka kumi na mmoja, na majirani wakatoka kusikiliza.

Wiki ya pili yake Glenda alikuja, peke yake, kwa miguu. Nilibandika maji ya chai. Hakuvua koti. Alifungua kabati za jikoni moja moja, akapanda ghorofani, akashuka.

"Nimemwacha Barry," akasema.

"Hongera, mwenzangu!" Nikamkumbatia, nikamzungusha na goti langu hilo bovu. "Miaka thelathini na nne ya ndoa! Sasa utakaa wapi?"

Alitoa bahasha mfukoni mwa koti, akaiweka kando ya kikombe changu. Ilikuwa barua ile ile ya Barry, maneno yale yale, miezi miwili, ila safari hii sahihi ilikuwa ya kwake, kubwa, imekolezwa wino.

"Glenda. Mimi?"

"Sina pengine, Janice. Na wewe ndiye uliyeniambia ni yangu."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Akaniuliza kama chumba cha mbele kinapata jua asubuhi, nami kwa upumbavu wangu nikamjibu kwamba kinapata. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia Barry, maana Barry sikuwahi kumpenda.