Mgeni Hakosolewi Mbele za Watu

Juzi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nilichungulia dirisha la darasa ambamo waombaji wa kazi za kambi ya gesi walikuwa wakipimwa Kiingereza. Mtahini, mgeni aliyeshuka na ndege asubuhi hiyo, aliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba vijana watatu wanataka kuwa dereva mmoja, kana kwamba wote wataingia kwenye suruali moja. Lilikuwa kosa la makusudi, ili wao walisahihishe.

“Sentensi hii iko sawa?”

Wakatazamana, wakainamisha macho. “Iko sawa kabisa, profesori,” wakamjibu, wakimwita mwalimu kwa Kireno.

Akaandika nyingine, mbovu zaidi.

“Hiyo ndiyo nzuri hasa,” wakamsifu.

Simu ikamwita nje. Hapo wakaurukia ubao, wakanyoosha kila neno bila hata kubishana. Waliposikia viatu vyake vinarudi, wakafuta haraka na kumrudishia makosa yake kama alivyoyaacha.

Wakaanguka mtihani wote. Nikapandwa na hasira, nikamfuata mlangoni mama mmoja miongoni mwa waombaji. “Mama, si kosa mlilijua? Mbona hamkusema?”

Akaikaza kapulana yake kiunoni, akanitazama kana kwamba nimelelewa na mbuzi.

“Mgeni umkosoe mbele za watu? Na kazi yenyewe tuliyoiomba ni ya kupokea wageni!”